Joto la Viganjani

Leo joto limefika viganjani mapema, kabla mazoezi hayajakolea. Ndilo jambo ambalo kila anayeanza tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, huliulizia: hiyo nguvu ya ndani, chi, inahisiwaje? Kwangu huja kama joto, kisha vidole vinasisimka na kuwa vizito. Viganja vikitazamana kwa umbali wa shibiri, hewa iliyo katikati yake huwa kama ina unene.

Tunafanyia mazoezi bustani ya Yuexiu, hapa Guangzhou, si mbali na Xiaobei wanakofikia wafanyabiashara wengi kutoka kwetu. Miguu sambamba, upana wa mabega, magoti yamelegea. Mikono inapanda polepole hadi usawa wa mabega, halafu inashuka. Ndivyo unavyoanza ule mfululizo wa miondoko 24 uliotungwa China mwaka 1956 kutokana na Yang, mmoja wa mitindo ya tai chi, ili mtu yeyote aweze kujifunza.

Bibi anayetuongoza hazungumzii viganja kabisa. Yeye ni nyayo tu. Waliotangulia katika sanaa hii walifundisha kwamba nguvu huota mizizi miguuni, hupandia mapajani, huongozwa na kiuno, ndipo ionekane vidoleni, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoona walikuwa wanaeleza mwili kama ulivyo. Uzito wote ukiingia mguu wa kulia, wa kushoto unabaki mtupu, unaweza kuuinua bila kuyumba hata kidogo. Hapo nyonga zinaachia, pumzi inashuka chini ya kitovu, mabega nayo yanashuka. Joto hufuata lenyewe. Siku nikiukimbiza uzito, mikono inabaki baridi hata nikiizungusha vipi.

Mama alipiga simu juzi. Baada ya salamu akauliza, "Mwanangu, hizo nguvu zinatoka wapi? Usije ukaingiliwa na vitu." Wengi nyumbani wana hofu hiyo, na swali lake ni la haki. Nikamwambia: Mama, hakuna kinachoitwa, hakuna anayeombwa. Mwili ukitulia mishipa hutanuka, damu inafika vidoleni, na akili iliyotulizwa mahali pamoja inahisi kilichokuwapo siku zote. Wachina wana maelezo mapana kuliko haya yangu, nami nayaheshimu.

Nikamsimulia pia utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Ulihusu wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili. Waliofanya tai chi waliweza zaidi kusimama bila kuyumba, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama yanamfaa mtu mwenye magoti kama yake.

Nimemwelekeza aanze kwa kushika meza, ahamishe uzito kulia, kisha kushoto, bila haraka, goti likiuma apumzike. Mikono aiache kwanza.