Nimebadili Pikipiki kwa Ajili ya Safari ya Lushoto

Kwa miaka sita nimekuwa nikienda Lushoto kumwona mama kila baada ya wiki mbili, nikitoka hapa Tanga mara baada ya swala ya alfajiri na kupita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo kabla ya kuanza kupanda mlima. Ni mwendo wa kama kilomita 160, na miaka yote hiyo niliukata kwa pikipiki ya CC 150, ile ile inayobeba abiria na magunia ya mkaa katika kila mtaa wa mji huu. Sina neno baya juu yake, kwani haijapata kunilaza njiani hata siku moja. Lakini mwezi wa Machi nilifika kwa mama nikiwa nimekufa ganzi mikono yote miwili, nikapokea kikombe cha chai na chai ikamwagika mkekani. Mama alichukua kitambaa, akapangusa bila kusema neno, kisha akaniambia, "Pumzika kwanza, mwanangu, mazungumzo yapo." Nililala hadi alasiri, na nilipoamka muda wa kurudi ulikuwa umeshawadia.

Safari nzima ya kurudi niliwaza jambo hilo moja, kwamba siku ninayosema nimemtengea mama naimaliza nikiwa usingizini. Uchovu wenyewe una sababu zake. Injini ndogo ya silinda moja ikilazimishwa kwenda kilomita 80 kwa saa huzunguka kwa karibu nguvu zake zote, na mtetemo wake hupanda mikononi kupitia usukani bila kukoma. Tena kuna upepo, ambao nguvu yake haiongezeki sambamba na mwendo: ukienda kilomita 100 kwa saa unakusukuma kifuani mara nne ya unavyokusukuma ukienda 50. Msimu wa kusi, katika ile sehemu ya wazi yenye mashamba ya mkonge, mtu asiye na kioo mbele yake hushika usukani kama anayevuta kamba ya ngarawa, na shingo humuuma siku mbili.

Nikaanza kutafuta pikipiki ya safari iliyotumika, kwa kuwa mpya ya namna hiyo siiwezi. Yamaha FJR1300 niliipenda sana, lakini ina uzito wa karibu kilo 290, na uwanja wa nyumba yangu ni mchanga mtupu. Honda ST1300 nayo ni nzito vilevile. Hatimaye nilitulia kwenye Honda NT700V, ambayo watu huiita Deauville, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006 na kuundwa Hispania. Ina CC 680, silinda mbili zilizokaa kama herufi V, maboksi ya mizigo yaliyojengwa ndani ya mwili wake, na badala ya cheni inatumia shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma. Hilo la shafti ndilo lililonishawishi kuliko yote, kwa sababu vumbi na mchanga wa huku humaliza cheni upesi, nami nimechoka kupaka oili kila Ijumaa.

Niliyoipata ilikuwa Dar es Salaam, toleo la mwaka 2008, iliyoletwa kutoka Uingereza. Nilikwenda na fundi wangu wa Ngamiani, mzee anayenitengenezea pikipiki tangu nilipoanza kuendesha, baada ya kumwomba muuzaji asiiwashe kabla hatujafika. Mzee alipomaliza salamu tu aliweka kiganja juu ya injini ili kuhakikisha ni ya baridi, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa wake wa kuwaka kwa shida. Ikawaka mara moja. Akaisimamisha kwa stendi kubwa, akanikandamizisha mkia hadi gurudumu la mbele likaelea, kisha akausogeza usukani polepole kwa kidole kimoja. Ulipofika katikati ulinasa kidogo, kama mlango unaopita kwenye kijishimo. "Umesikia, mwanangu? Beringi hizo zimechoka," akaniambia, na muuzaji akakubali kwa uungwana kupunguza bei.

Tairi zilinifundisha zaidi. Kwa macho zilikuwa nzuri, meno yamejaa, lakini ubavuni kuna tarakimu nne ambazo wengi wetu hatuzisomi: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Ya nyuma ilisomeka 1415, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2015, na nilipoikunja kwa kidole gumba niliona nyufa nyembamba kama nywele. Tairi la umri huo haliwezi kushika vizuri lami yenye mvua, hata kama halijaisha. Tulipima pia umeme (volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na 14 na ushei ikizunguka), tukafungua oili ya difu, yaani gia za mwisho wa shafti, kuangalia kama ina chembe za chuma, na tukapitisha karatasi nyeupe kwenye shokapu za mbele ili kuona kama zinavuja.

Jambo moja lilimshangaza hata muuzaji mwenyewe. Alikuwa akisema pikipiki imetembea 31,000, akidhani ni kilomita, kumbe dashibodi ya Kiingereza huhesabu maili. Ni karibu kilomita 50,000. Kwa injini iliyotunzwa huo si umri wa kuogopesha, nami niliinunua bila wasiwasi, lakini anayenunua mashine ya kutoka huko aisome dashibodi vizuri kabla ya kupatana bei. Namba ya fremu tuliilinganisha na kadi, mkataba tukausaini mbele ya wakili, na kubadilisha jina la mwenye pikipiki TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kulifuata taratibu zake.

Sasa nina majuma matano nayo. Uzito wake, zaidi ya kilo 250, ndio gharama halisi ya starehe hii, na sitaki kumficha mtu. Wiki nzima ya kwanza nilikwenda kwenye uwanja wa wazi jioni kujifunza kuigeuza mahali pembamba, na nyumbani ninaweka kipande cha ubao chini ya stendi ya pembeni ili isizame mchangani. Spea hazipatikani dukani hapa kama za pikipiki za abiria. Tairi mbili, 120/70 na 150/70 za rimu 17, nilisubiri siku kumi na mbili. Barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni, yenye mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, sasa naipanda polepole kuliko zamani, nikiingia kila kona na gia iliyokwisha kuchaguliwa.

Lakini kutoka Muheza hadi Mombo ni safari nyingine kabisa. Mgongo umenyooka, magoti hayakukunjana sana, na kioo, ambacho kina nafasi tano za kupandisha, nimekiacha kwenye ya tatu kwa sababu juu zaidi ya hapo upepo hurudi na kugonga kofia. Mke wangu, ambaye zamani aliomba tusimame Segera na tena Korogwe, safari hii alisimama mara moja tu, na hapo ni kwa sababu alitaka machungwa.

Tulifika kwa mama kabla ya saa nne. Nilikunywa chai, tukazungumza, kisha nikaazima ngazi kwa jirani nikapanda juu ya jiko lake kubadilisha lile bati linalovuja tangu masika ya mwaka jana, huku mama akiwa chini ananielekeza mahali maji yanapoingilia.