Jiwe la kijani kabla halijafika kwa sonara

Jiwe la kijani likiteremka Mombasa kutoka upande wa Voi, limekunjiwa kikaratasi, muuzaji huwa ameshalipachika jina: tsavoraiti, kito cha kijani cha jamii ya ganeti. Akikwaruza nalo kioo ili kukuaminisha, hajathibitisha kitu. YAG ya kijani, fuwele ya kiwandani, hukwaruza kioo vizuri tu, na kwa macho matupu inafanana mno na ganeti hii ya Tsavo. Anayenung'unika kwamba mtaalamu wa vito amemtoza pesa kwa kazi ya robo saa hajui alichonunua.

Jiwe hufutwa kwanza mafuta ya vidole. Tone la kimiminika, dogo kama kichwa cha pini, hutiwa kwenye kioo cha refraktometa, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, na jiwe likalazwa juu yake kwa uso wake mkubwa ulio bapa. Jibu husomwa pale kivuli kinapokomea kwenye mistari ya kipimo; tone likizidi, jiwe huelea na kivuli hufifia. Tsavoraiti husoma karibu 1.74, kivuli kimoja hata ukiligeuza. Zumaridi husoma karibu 1.58, vivuli viwili vilivyobanana hivi kwamba asiyezoea huona kimoja. YAG hufika 1.83, lakini kimiminika chenyewe huishia 1.81, basi kinachoonekana ni kivuli cha kimiminika. Wanagenzi wengi hukiandika hicho kama jibu!

Hapo mizani huamua. Jiwe la karati 5, yaani gramu 1, likipimwa limezamishwa majini, tsavoraiti husoma karati 3.61 hivi, YAG husoma 3.90. Pengo ni dogo, na kiputo kimoja cha hewa kikiganda chini ya jiwe hulinyanyua na kuiharibu hesabu. Ndiyo maana maji hutiwa tone la sabuni ya vyombo, na jiwe hupanguswa kwa brashi likiwa humo humo.

Rubi ndizo huwatia masonara hasara. Zile za bei ya chini mara nyingi zina nyufa zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi, na dukani hung'aa kuliko nzima. Kwa lenzi ya kukuza mara kumi, jiwe likiinamishwa polepole chini ya taa, ufa huo hutoa mmweko wa buluu, na ndani yake mna viputo vilivyobonyea. Mmweko huonekana kwa pembe moja tu na kupotea. Jicho la kuusubiri halijengeki kwa wiki mbili. Asiyeuona hupeleka pete ikaunganishwe kucha, yaani vijino vinavyoshika jiwe. Moto wa sonara huyeyusha kile kioo, asidi ya kusafishia dhahabu hukila, na jiwe hurudi limejaa mistari myeupe. Mteja atadai limebadilishwa, na sonara hana cha kujitetea, kwa kuwa hakuandika hali ya jiwe alipolipokea.

Hata maji ya ndimu hukila kioo hicho. Pete ya namna hiyo ivuliwe kabla ya kukamua ndimu za achari.