Odoo 14 kwenda 17: nimempata mla RAM
Nimempata! Siku nne nahangaika na dmesg (kumbukumbu za keneli, moyo wa Linux), kumbe mwizi ni tarakimu 2 kwenye mipangilio, ambayo sikuiandika mimi.

Duka la jumla la vipuri ninalolihudumia linahama Odoo (programu ya mauzo, stoo na uhasibu) 14 kwenda 17, na Postgres, hifadhidata yake, kutoka 12 kwenda 16. Seva ya majaribio ina kore 4 na RAM GB 16. Hesabu nilipiga ile ya siku zote: prosesi 9 za Odoo, wastani wa MB 325 kila moja, haifiki GB 3. shared_buffers, yaani RAM ambayo prosesi zote za Postgres zinaitumia kwa pamoja, GB 4. Zikabaki kama GB 9, nikamwambia bosi hakuna cha kununua. Maneno hayo yamenitokea puani.

Kila tukijaribu kufunga mwezi, watu sita wakifungua ripoti ya stoo kwa mpigo, RAM inaisha na keneli inaua prosesi moja ya Postgres. Postgres nayo, kwa usalama wa data, inawatoa wote nje na kuanza upya. Mhasibu ankara yake imepotelea katikati mara tatu. Ya tatu akaniuliza, "Kaka, una uhakika hii ndiyo mpya?"

Kilichonivuruga ni kwamba faili la mipangilio ya Postgres ni lilelile. Kwenye seva ya zamani, RAM hiyohiyo, work_mem (kikomo cha RAM kwa kila hatua ya kwiri, yaani ombi la data) ya MB 256 imekaa miaka bila hata kukohoa. Nikapunguza prosesi za Odoo zikawa 7, ikafa. Nikaongeza swap (diski inayosaidia RAM), ikafa polepole, na hiyo ni mbaya zaidi. Halafu htop, ile ya kuonyesha RAM ya kila prosesi, isikudanganye: shared_buffers inaihesabu upya kwa kila prosesi, ukijumlisha unapata RAM ambayo hata huna. Tumia smem, inayogawanya RAM ya pamoja kwa haki.

Jana usiku ndipo nikakaa kusoma maelezo ya matoleo ya Postgres, moja baada ya jingine, kazi ambayo ningeifanya siku ya kwanza. Toleo la 13 lilileta hash_mem_multiplier, kizidishi cha work_mem kwa kazi za hash (majedwali ya muda ya kuunganisha na kujumlisha data), na usipoiandika inakuwa 1. La 15 wakaipandisha kuwa 2. Kwa hiyo MB 256 zangu, ikifika kwenye hash, ni 512. Kwiri ikigawanywa kwa prosesi tatu, GB 1.5. Mara watu sita, GB 9. Zilezile nilizojisifia kwa bosi!

Nimeshusha work_mem hadi MB 32 na kuwasha log_temp_files nione kinachomwagikia diskini. Ripoti imetoka sekunde 11 ikawa 14. Hakuna aliyelalamika.

Jumamosi nilipanga iwe ya kupima mzigo kwa Locust, programu inayojifanya watumiaji wengi (kwa mwenzake JMeter sirudi, vile visanduku vyake vinanichosha), na kupiga hesabu ya diski, maana siku ya kuhama hifadhidata zote mbili zitakaa pamoja. Lakini nimeona Odoo 18 inaweza kupeleka kwiri za kusoma tu kwenye Postgres ya pili. Ripoti za stoo zikae huko, zigombane zenyewe... Mashine ya pili nimeshaiwasha. Bosi bado hajui.