Kaseti za Ami: waya umechomekwa, faili bado linapita hewani

Jumamosi usiku

Kaseti ya 41 imeshaingia kwenye kompyuta. Ni maulidi ya harusi ya hapahapa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na katikati ya upande wa pili anasikika Ami mwenyewe, sauti ya kijana, akimwambia mtu asogeze karabai. Nimerudisha pale mara tatu.

Kaseti nazirekodi ghorofani kwa kHz 48 na biti 24, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 inatoa faili la GB 1 na kidogo. Faili likikamilika nalituma chini ukumbini, kwenye kompyuta kuukuu ya mezani yenye diski mbili, iliyokaa pembeni ya ruta. Kati yetu kuna ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Nimeupima kwenye daka la dirisha: sentimita 54. Waifai haiwezi ukuta huo, ndiyo maana niliweka ripita huku juu, na hata kwa ripita faili moja lilikula karibu dakika tisa. Kaseti ziko 140. Umeme nao ukikatika katikati ya safari, unaanza upya.

Leo nimepitisha waya. Mita 22, kwa tundu la zamani la antena ya televisheni, kisha ukafuata boriti mpaka chini. Nimechomeka pande zote mbili, taa zikawaka. Nikatuma kaseti ya 41 kwa WinSCP, programu ya kuhamisha mafaili. Dakika nane na sekunde arobaini. Yaleyale.

Jumapili

Ami alipanda asubuhi kuuliza habari za maulidi yake.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Waya si umeshatia?"

"Nimetia, lakini kompyuta haiutumii."

"Kwani imeambiwa iutumie?"

Swali lile lilinikalia kichwani. Nilikuwa nimechukulia kuwa waya ukiwepo, kompyuta yenyewe itaufuata. Nikafungua dirisha la amri na kuandika `route print`. Zikatoka njia mbili za kwenda mtandao uleule wa nyumbani, 192.168.1.0. Ya waya ina namba 291 mwishoni, ya Waifai ina 286. Namba hiyo ndiyo metriki, na Windows huchukua njia yenye metriki ndogo. Waya ulishindwa kwa tano tu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Windows huipa kila kadi ya mtandao namba kwa kuangalia kasi ya muunganisho wake, na kwa njia za mtandao wa ndani kama huu huongeza 256. Waya wangu ulikuwa umeunganika kwa Mbps 100 (megabiti kwa sekunde), ukapewa 35. Waifai ilikuwa inaonyesha Mbps 866, ikapewa 30.

Hiyo 866 ndiyo iliyonikera zaidi, kwa sababu ni ya kweli na haina faida. Ni kasi kati ya kompyuta yangu na ripita iliyo mita mbili kutoka kitandani. Ripita nayo inahangaika na ukuta wa sentimita 54 kuifikia ruta, na huko kompyuta haioni kabisa. Inapima hatua ya kwanza tu. Nyumba zetu za Mji Mkongwe karibu zote zina kuta namna hii, na ripita ziko kila ghorofa, kwa hiyo sidhani kama ni mimi peke yangu.

Kuzima Waifai kungetosha kwa usiku mmoja. Lakini dada yangu huichukua kompyuta hii jioni akasomee barazani, ambako hakuna waya, na sitaki kila mara iwe ni kuzima na kuwasha. Ninachotaka ni waya ukiwepo upite mbele, usipokuwepo Waifai ishike. Nikafungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, kama msimamizi, nikaipa kadi ya waya ("Ethernet") metriki ya 10:

`Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -InterfaceMetric 10`

Amri hii inagusa IPv4 na IPv6, yaani aina mbili za anwani za mtandao, kwa pamoja. Anayependa kupitia dirisha la mipangilio ya kadi lazima aguse kila moja peke yake, na wengi huisahau ya pili. Nikaangalia tena `route print`: waya 266, Waifai 286. Faili lililokuwa linaendelea kwenda halikuhama, likabaki hewani. Nikalikata nikaanza upya. Dakika moja na nusu.

Jumatatu

Nilipaswa kufurahi nikalala. Lakini kwa nini Mbps 100, na kadi za pande zote mbili za waya ni za 1000?

Nikaazima kifaa cha kupimia waya kwa jirani fundi. Taa moja mpaka sita zikawaka, ya saba kimya, ya nane ikawaka. Mbps 100 inahitaji nyaya nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Mbps 1000 inazitaka zote nane. Ya saba, nyeupe-kahawia, ilikuwa imekatika ndani ya kichwa cha waya, na kompyuta ikashuka kasi bila kusema neno.

Nilipokata kichwa nikakwaruza waya kwa wembe. Juu rangi ya shaba, chini yake nyeupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba, na mimi dukani niliambiwa shaba tupu. Alumini ukiikunja mara mbili tatu inakatika, na huu nilikuwa nimeuzungusha kwenye boriti nne. Hili limeniuma kuliko hesabu zote za metriki.

Alhamisi

Waya mpya, shaba kweli. Safari hii nilikwaruza kabla ya kulipa. Nimebana vichwa vyote viwili kwa mpangilio uleule, kuanzia nyeupe-machungwa mpaka kahawia, na taa nane zimewaka.

Muunganisho sasa ni Mbps 1000. Kwa kasi hiyo Windows yenyewe ingeupa waya 25 na ungeishinda Waifai bila mimi kugusa kitu. Hata hivyo ile 10 nimeiacha. Tuko karibu na bahari, vichwa vitashika kutu, na siku taa ya saba ikizima tena sitaki kompyuta irudi kwenye ripita kimyakimya.

Kaseti ya 42, Waifai ikiwa imewashwa: sekunde 26. Jioni dada akachomoa waya akaenda barazani, Waifai ikashika. Aliporudi na kuuchomeka, `route print` ikatoa 266 juu ya waya.

Ami ameniletea mfuko mwingine. Ndani mna kaseti tisa zisizo na maandishi, na moja utepe wake umetoka nje.