Jinsi nilivyoiwasha laini ya ISDN ya shemeji

Mwaka 1998 shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na ofisi ndogo Ohio ya kusafirisha magari na mizigo ya watu kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Kutwa alikuwa akituma na kupokea picha za magari na hati za meli kwa barua pepe, na modemu ya kawaida ilikuwa inamlia muda. DSL, intaneti ya kasi kupitia waya wa simu, haikuwa imefika mtaani kwake, kwa hiyo akaomba laini ya ISDN, yaani laini ya simu ya kidijitali inayobeba sauti na data. Fundi wa kampuni ya simu akaja, akafunga soketi ukutani, akaacha karatasi moja na kuondoka zake. Adapta ya terminali, kisanduku cha kuunganisha kompyuta na laini hiyo, shemeji alijinunulia mwenyewe, ya mkono wa pili, yenye kioo chembamba mbele na vitufe vichache. Akanipigia: "Shemeji, njoo na akili zako zote. Hili dubwasha linanitukana kwa Kiingereza."

Nilichokifanya kwanza ni kuchomoa kebo ya kompyuta. Watu wengi huanza na Windows, wanahangaika na nywila na madirisha, kumbe adapta yenyewe bado haijaelewana na kampuni ya simu. Adapta ina pande mbili. Upande wa laini unapangwa kwa menyu za pale mbele, na upande wa kompyuta kwa amri za kuandika. Mpaka upande wa laini utulie, huo mwingine hauna la kukwambia.

Ulaya nchi nyingi zilikuwa zimekubaliana itifaki moja, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo Euro-ISDN, kwa hiyo mtu wa kule alikuwa anachomeka na kuandika namba yake, basi. Marekani kila swichi, yaani mtambo wa kampuni ya simu unaounganisha laini, ilikuwa na lahaja yake. Menyu ilinitaka nichague: AT&T 5ESS, DMS-100 ya Northern Telecom, au National ISDN-1. Halafu ikataka SPID mbili, moja kwa kila namba ya simu. SPID ni namba ndefu ambayo adapta inajitambulisha nayo kwa swichi, na swichi isipoitambua haikupi huduma.

Karatasi ya fundi ilisema 5ESS, na chini yake namba mbili za simu zenye tarakimu kumi kila moja. Nikaingiza vivyo hivyo, nikazima adapta, nikaiwasha, nikakodolea macho kile kioo. Kikasema laini haipo. Kidogo kikasema kinaomba TEI. Kikasema kinasajili SPID. Kisha kikagoma: SPID mbaya.

Shemeji alitaka tumwite fundi aje kupima waya. Nikamwambia waya hauna neno. TEI ni namba ambayo swichi yenyewe inaigawia adapta, kati ya 64 na 126, na huwezi kuipata kama waya umekatika, au kama NT1, ile sehemu inayopokea laini kutoka ukutani, imekufa. Ya kwetu NT1 ilikuwa imo ndani ya adapta. Kwa hiyo swichi ilikuwa inatusikia na kutujibu. Ilichokataa ni jina tulilojitambulisha nalo. Hapo ukimwita fundi na mita yake utamlipa bure.

Tukapiga simu huduma kwa wateja. Binti wa kwanza akashikilia kwamba SPID ni namba ya simu tu, hakuna zaidi. Tukaomba tuunganishwe na mtu wa ISDN, tukasikilizishwa muziki mpaka chai ikapoa. Aliyekuja alikuwa mzee mmoja anayeijua kazi yake. Akauliza swali moja: menyu yenu mmeweka nini? Tukamjibu 5ESS. Akasema, swichi ni 5ESS kweli, lakini programu inayoendesha laini yenu ni National ISDN-1. Wekeni hiyo, na nyuma ya kila namba ongezeni 0101. Tarakimu kumi zikawa kumi na nne.

Kuingiza tarakimu kumi na nne kwa kitufe cha juu na cha chini ni adhabu. Unapandisha 0 mpaka 7, unasogea, unapandisha tena, na ukipitiliza unazunguka upya. Lakini safari hii kioo kilipita hatua zote na kutua kwenye "tayari". Tukachomeka simu ya kawaida kwenye tundu la nyuma ya adapta, tukapiga ya mkononi ya dada, ikaita. Upande wa laini ukawa umekwisha.

Sasa kompyuta. Nikafungua HyperTerminal, programu ya Windows ya kuiandikia adapta amri, mlango wa COM2, kasi 115,200, nikaandika AT na kubonyeza Enter. Ikajibu OK. Kama haijibu, angalia kebo na namba ya mlango kabla ya kitu kingine chochote. Halafu AT&F kurudisha mipangilio ya kiwandani ya upande huu, na AT&V kuona kilichomo. Kwenye aina hiyo ya adapta AT&F haikugusa SPID; zipo zinazofuta kila kitu, kwa hiyo soma kitabu chake kabla hujabonyeza.

Amri yenye uzito ni ile ya kuchagua itifaki ya chaneli B, njia inayobeba data; laini ina mbili. Kompyuta inatoa PPP, itifaki ya kuingilia intaneti kwa simu, ya mtindo wa modemu, baiti moja moja zenye biti ya kuanza na ya kumaliza, wakati mtoa huduma wa intaneti upande wa pili anategemea PPP ya ISDN isiyo na biti hizo. Adapta ndiyo mkalimani, na lazima uiambie ifanye ukalimani huo. Ukiiacha kwenye V.120, itifaki nyingine ya kupitisha data, na mtoa huduma wako hapokei V.120, simu itapokelewa na itaonyesha CONNECT, kisha kimya. Amri hii kila kampuni ina yake. Kwenye Motorola BitSURFR watu walikuwa wanaandika AT%A2=95; yetu ilikuwa nyingine kabisa. Ukishaweka, AT&W ihifadhi, la sivyo umeme ukikatika unaanza upya.

Kwa chaneli moja, kilobiti 64, tuliingia mara moja. Shemeji akafungua picha ya Land Cruiser, ikashuka kabla hajamaliza kuvuta kiti. "Haya, sasa ile ya pili," akasema. Chaneli ya pili ndiyo ilinitoa jasho. Nilipiga namba mbili kwa mkupuo, zikiunganishwa na alama ya & katikati. Ya kwanza ikaingia, ya pili ikakataliwa, na ilikuwa hivyo kila nilipojaribu.

Sababu ilikuwa nywila. Windows inajua laini moja tu. Chaneli ya pili inafunguliwa na adapta yenyewe, na mtoa huduma anaiuliza nywila upya. Kama anatumia PAP, njia mojawapo ya kuhakiki mteja, nywila ilipita wazi mara ya kwanza na adapta iliidaka, kwa hiyo inairudia. Kama anatumia njia nyingine, CHAP, nywila yenyewe haipiti kwenye waya kamwe, linapita jibu la fumbo ambalo hubadilika kila mara, na adapta haina cha kujibu. Tukampigia mtoa huduma akaturuhusu PAP, nami nikaondoa alama kwenye kisanduku cha Windows kinachodai nywila iliyosimbwa. Kiusalama ni kurudi nyuma hatua moja, nilimweleza shemeji, akasema mwizi wa picha za magari amkaribishe.

Hata hivyo kilobiti 128 kamili za chaneli mbili hatukuzipata. Mlango wa siriali wa kasi 115,200 unapitisha baiti 11,520 tu kwa sekunde, kwa kuwa kila baiti inabeba biti kumi, wakati chaneli mbili zinaweza kuleta 16,000. Ili uzipate zote ilibidi ununue kadi ya siriali ya kasi zaidi. Shemeji alipiga hesabu ya bei akasema inatosha.

Mambo mawili niliyaandika kwenye karatasi nikaigandisha juu ya adapta, pamoja na SPID na jina la swichi. Kwanza, umeme ukikatika simu zilizochomekwa kwenye adapta zinakufa, kwa hiyo laini ya zamani ya simu isikatwe. Pili, kampuni yao ilitoza simu za data kwa dakika, na kila chaneli ilihesabiwa peke yake. Niliweka kwenye menyu chaneli ya pili ifunguke mzigo ukizidi na ijifunge ukipungua, na kwenye Windows laini ikate yenyewe ikikaa bila kazi kwa dakika kumi. Bili ya kwanza ilipofika dada ndiye aliyeifungua, na kwa mara ya kwanza hakunipigia.