Mwinjilisti wa Kitanda cha Dirishani

Ushuhuda wetu wa kanisani una mtindo wake. Mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, anaeleza alivyokuwa taabani, anafika pale Mungu alipotenda, vigelegele vinapigwa, anakaa. Sijawahi kumsikia mtu akisimama na kusema: wapendwa, mimi bado nimo humo humo, naomba nikae. Mwaka 2006 ningetoa chochote kumsikia mtu wa namna hiyo.

Nilikuwa muuguzi wodi ya wanaume, katika hospitali moja ya kanisa huku kwetu Kilimanjaro. Nilikuwa nimeokoka tangu sekondari, UKWATA, umoja wa Kikristo wa wanafunzi, ndiyo iliyonilea, na pale kazini mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo kwenye ibada ya asubuhi kabla ya kukabidhiana zamu. Kisha, bila sababu ninayoweza kuitaja, sala ikakatika. Sikuwa na msiba. Mume wangu alikuwa mzima, watoto wanasoma, mshahara unachelewa kama kawaida yake. Nilipiga magoti kando ya kitanda kama siku zote, nikajiona naongea na ukuta. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa zamu. Baadaye likaja wazo lililonitisha, tena lilikuja kwa utulivu kabisa, nikiwa nakunja mashuka stoo: kwamba upande wa pili hakujawahi kuwa na mtu, na miaka yote ile nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Wazo lilinitisha, lakini kilichonimaliza nguvu ni kuendelea kuimba. Kila asubuhi nilitoa sauti, wenzangu wakaitikia, wagonjwa wanaoweza kukaa wakakaa, na mimi nikawa nautazama mlango wa stoo nikihesabu beti zilizobaki.

Nilimweleza dada mmoja wa kikundi cha maombi. Kwa upendo kabisa akawakusanya wenzake, wakaniwekea mikono, wakakemea. Mmoja akasema ipo dhambi niliyoificha. Nikaitafuta, na mtu akitafuta dhambi zake hakosi; nilitubu nilizozipata zote, hata ya kumsengenya wifi yangu, hakikufunguka kitu. Mwingine akanipangia mfungo. Nilifunga, nikaumwa kichwa, nikaingia zamu. Siwalaumu, walinipenda. Ila hadi leo naona tuna haraka mno ya kumtibu mtu ambaye hata hatujamsikiliza. Wodini hatuthubutu, unapima kwanza.

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimekosekana, mabwawa ya kufua umeme yamepungua maji, na sisi tukawa tunaishi kwa jenereta na dizeli ya kubania. Kwaresima ikatukuta hivyo, Pasaka ikiwa tarehe 16 Aprili. Na katika Kwaresima hiyo akaletwa mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu. Jina lake nitaliacha, wajukuu zake wapo na tunakutana sokoni.

Moyo wake ulikuwa umeshindwa kazi. Miguu ilivimba hivi kwamba ukiibonyeza kwa kidole shimo lilibaki pale pale, ukageuka ukaandika kwenye faili, ukirudi bado unaliona. Hakuweza kulala chali. Maji yalimpanda mapafuni. Tulimpanga mito mgongoni akawa analala ameketi, kwenye kitanda cha dirishani apate hewa. Tulimchoma Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, tukapima mkojo, tukamkataza chumvi. Mkewe alimletea mtori kwenye chupa ya chai, hauna chumvi hata chembe, naye kila siku alionja kijiko kimoja, akamtazama yule mama kwa huzuni na kusema, “Mama, nimekukosea nini?”

Alikuwa amefundisha watoto wa kipaimara kwa zaidi ya miaka 30. Nusu ya wodi walikuwa wanafunzi wake au watoto wa wanafunzi wake. Wageni walikuja kumwombea wakaishia kuombewa wao. Vijana wa ajali za pikipiki walizima redio alipofungua Biblia, na bila kuambiwa.

Usiku ninaousimulia, umeme ulikatika kama saa nane hivi. Mashine ya oksijeni ikapiga king'ora chake, na jenereta, kama ilivyozoea, haikuwaka. Nikakimbilia mtungi. Mhudumu wangu alishika simu yake ya Nokia kwa meno, ile yenye tochi, ili mikono yote miwili ibaki kwenye spana. Tukafungua koki, nikasikia gesi ikipita, nikainama kuangalia mapovu kwenye kichupa cha maji. Yakaja. Nikamrekebishia mzee mpira puani, nikampima mapigo. Mhudumu akaniachia simu yake, akaenda kumwamsha fundi wa jenereta.

“Sista.”

“Abee, babu.”

“Umemaliza kazi?”

“Ya kwako nimemaliza. Jaribu kulala.”

“Niombee.”

Nilifikiri ananitania. “Mimi nikuombee wewe, mwinjilisti?”

“Kuna mwingine aliye macho?”

Maneno nilikuwa nayo. Muuguzi wa hospitali ya kanisa ana sala yake ya kitandani, ina mkono wa uponyaji, ina jina la Yesu, ina amina, haizidi dakika moja. Nimeisema nikiwa nasinzia, nimeisema nikiwaza ada ya mtoto. Usiku ule nilifumbua kinywa na haikutoka. Nikasimama tu na ile tochi, naimulika sakafu.

“Naogopa, mwanangu,” akasema.

Sikujibu.

“Nimezika watu wengi mno. Nimesimama makaburini nikawaambia wafiwa wasiogope. Sasa nikifumba macho naona giza tupu. Nikimwita Bwana, hajibu. Mchungaji alikuja juzi, nikamwambia niko salama. Ningemwambia nini, na watu wote wale wamesimama pale?”

Tulifundishwa chuoni kwamba muuguzi hamtwishi mgonjwa mizigo yake, na ni mafundisho mazuri. Lakini ilinitoka. “Babu, mimi nina miezi siwezi kuomba. Asubuhi mnaponisikia, naimba tu.”

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, kikageuka kikohozi, nikalazimika kumwinamisha mbele na kumshika mabega hadi alipotema kwenye kopo. Alipopata pumzi akasema, “Kwa hiyo hospitali nzima tuliobaki macho ni sisi wawili. Na sisi wenyewe ndio hawa.”

Akaniuliza nilipata kipaimara wapi. Nikamwambia. Mwalimu wako alikuchapa? Alinichapa. Kwa lipi? Kwa maelezo ya Imani, pale pa Roho Mtakatifu.

“Hapo wote wamechapwa. Pamekuwa parefu. Haya, sema.”

Nikaanza, kwa aibu ya mtoto. Kwamba naamini ya kuwa siwezi kwa akili zangu wala kwa nguvu zangu kumwamini Yesu Kristo, Bwana wangu, wala kumjia, ila Roho Mtakatifu ameniita kwa Injili. Hapo nikakwama, palepale nilipokwama utotoni mwalimu akinyoosha fimbo. Akapokea yeye, kwa pumzi fupifupi, neno moja, kituo, neno jingine: kwamba ameniangaza kwa vipawa vyake, amenitakasa na kunihifadhi katika imani ya kweli.

“Rudia mwanzo.”

Nikarudia.

“Siwezi kumwamini kwa nguvu zangu,” akasema, akilitazama dirisha. “Mwanangu, nimewachapa watoto wa watu miaka yote hiyo kwa maneno ambayo mwenyewe nilikuwa sijayahitaji.”

Nilikuja kusoma baadaye habari za aliyeyaandika. Julai 1527 Martin Luther alianguka akaugua, mwili na roho pamoja, na mwezi uliofuata akamwandikia rafiki yake Philipp Melanchthon kwamba kwa zaidi ya wiki moja alikuwa ametupwa katika mauti na kuzimu, na karibu ampoteze Kristo kabisa. Katekisimo Ndogo, yenye maelezo yale, ilitoka mwaka 1529, miaka miwili tu baada ya hapo. Hilo hatukuambiwa darasani. Mimi nilikua nikidhani yale maelezo yaliandikwa na mtu aliyeketi mezani akiwa na uhakika wake wote, ndiyo maana nilipopungukiwa na wangu nikajiona nimetoka nje ya ukoo.

Akaniomba nichukue Biblia yake chini ya mto. Ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, kurasa za Zaburi zimeanza kuachana na gamba. Isaya 50, mstari wa 10. Nikamulika, nikasoma: “Ni nani miongoni mwenu amchaye BWANA, aitiiye sauti ya mtumishi wake? Yeye aendaye katika giza, naye hana nuru, na alitumainie jina la BWANA, na kumtegemea Mungu wake.”

“Huyo mtu amekosa nini?” akaniuliza, kwa sauti ya ualimu kabisa.

Nikaangalia tena. “Hakuna kosa lililotajwa, babu. Anamcha Bwana. Anatii.”

“Na yuko wapi?”

“Gizani.”

“Soma unaofuata.”

Unaofuata ni wa wale wanaojiwashia moto wao wenyewe na kutembea kwa mienge waliyoiwasha, na mwisho wao ni kulala kwa huzuni. Niliusoma na kuufikiria mfungo wangu, na ile orodha ya dhambi, na asubuhi zote nilizojitahidi kuimba kwa sauti kubwa zaidi labda kitu kingewaka. Sikumwambia. Nilimwuliza tu lile swali lililokuwa limenikaa kooni tangu stoo: “Kwa hiyo babu, yupo?”

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia.

“Usiniulize mimi usiku huu,” akasema. “Mimi nimeegemea tu.”

Jenereta ikaunguruma, taa zikawaka zote kwa mpigo, na kijana wa kitanda cha pili akalaani kwa Kichaga kisafi hadi alipokumbuka nani yuko dirishani. “Samahani, mwalimu.” Nikaenda kumbadilishia dripu. Kulipokucha niliandika kwenye ripoti kwamba mgonjwa amelala vizuri kuanzia saa tisa, oksijeni ya mtungi, mkojo umetoka vya kutosha. Ndiyo yote niliyoandika.

Mkewe alipofika na mtori wake aliuliza wodi nzima ni nani aliyemchekesha mzee usiku, maana kuna jirani aliyemsikia. Mzee akasema ni mambo ya ofisi.

Ningependa kusema kwamba kwenye ibada ya asubuhi ile niliimba kwa machozi. Niliimba kama jana yake, nikiutazama mlango wa stoo. Naye aliendelea kuogopa. Usiku uliofuata aliniambia hivyo hivyo, bila haya tena, kama mgonjwa anavyokwambia mguu unauma. Nilichokiacha mimi ni kujipapasa kila nikipiga magoti, kuona kama leo kuna joto. Nilisema Baba Yetu, nikasema ile ya Roho Mtakatifu, nikalala. Usiku ambao hata hiyo ilinishinda, nilisoma Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu na inaishia gizani, haina mstari wa kukupoza mwishoni. Ilinishangaza kwamba wazee waliiacha kwenye Biblia hivyo hivyo. Nikaona kama waliweza kuiimba hekaluni, basi na mimi nina pa kusimama kwaya.

Mwaka uliofuata, 2007, zilichapishwa barua ambazo Mama Teresa wa Kalkuta aliwaandikia waungamishi wake, kwamba kwa miongo kadhaa hakumwona Mungu wala kumsikia rohoni mwake. Mwenzangu mmoja Mkatoliki wa wodi ya wazazi alizileta habari hizo kazini akiwa amefadhaika. Huyu mama alikuwa akidanganya? Nikamwambia hapana, alikuwa zamu. Hakunielewa, naye hakuwa na muda wa kuelezwa, wodini kwake kulikuwa na kina mama wawili wanasukuma.

Kwangu sala ilirudi, siwezi kutaja siku. Nilijikuta nikimwambia Mungu habari za bei ya sukari, nikashtuka kwamba nilikuwa namwambia mtu. Imeondoka tena mara kadhaa tangu hapo. Safari hizo sikukusanya watu.

Mzee aliruhusiwa baada ya Pasaka, miguu imepungua, na onyo kali juu ya chumvi. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku ya kliniki yake, nimetumwa dirisha la dawa kufuata glovu, nikamkuta kwenye foleni na fimbo yake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Umeanza kuomba?”

“Kidogo. Na wewe, bado unaogopa?”

“Sana,” akasema. “Haya, sema.”

Mbele za watu wote wale. Nikaanza kwa kunong'ona, akanigonga mguu kwa fimbo nipaze sauti, nikapaza. Nilipofika pale pa vipawa nikakwama kama kawaida, na kabla hajafungua kinywa, bibi mmoja aliyekuwa mbele yetu na kadi yake ya presha akageuka akamalizia hadi mwisho, haraka haraka, kisha akamwambia mzee kwamba kwao hawakufundishwa kusema “vipawa”, walisema “karama”, na kwamba mwalimu yeyote aliyefundisha vingine alipaswa kuchapwa yeye. Nikawaacha wanabishana, nikachukua glovu zangu.