Mvua ya Mwezi wa Saba

Kaka yangu hupiga simu siku ya Ijumaa, akishatoka msikitini. Tunaongea habari za foleni ya mafuta, bei ya ndagala, nani kaoa, nani kafiwa. Siasa hatuigusi. Tangu niondoke Buja, yaani Bujumbura, Burundi, mwaka 2015 hatujawahi kutamka jina la rais kwenye simu, hata Juni 2020 Nkurunziza alipofariki na redio zote zinatangaza. Siku ile kaka aliniambia, "Yule mzee amesafiri." Nikamjibu, "Tumesikia," tukarudi kwenye bei ya mchele.

Sisi ni watu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wa mafundi magari na misikiti, ambako barabara zina namba badala ya majina. Kirundi tunakijua vizuri, ila cha nyumbani ni Kiswahili. Mwishoni mwa Aprili ya mwaka ule chama tawala kilimsimamisha Nkurunziza agombee tena. Waliopinga walisema Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 unaruhusu mihula miwili tu. Wenzake wakasema ule wa kwanza hauhesabiki kwa kuwa alichaguliwa na bunge, si wananchi. Tarehe 5 Mei Mahakama ya Katiba ikamkubalia, huku makamu wa rais wa mahakama hiyohiyo akiwa ameshakimbilia Rwanda. Mume wangu alipopata habari hiyo aliweka kikombe chini akauliza, "Hakimu akikimbia, sisi tunangoja nini?" Lakini tulingoja. Watu wa kawaida hungoja sana kuliko wanavyokuja kusimulia baadaye.

Kilichotuondoa ni ngoma. Tarehe 13 Mei rais alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza redioni kwamba amempindua. Mji ulifurika. Mume wangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa Nyakabiga. Akakifunga, akavunja tawi la mti, akacheza barabarani na wenzake mpaka sauti ikamkauka. Mtu mmoja akamrekodi. Haikuchukua siku mbili mapinduzi yakafeli, na ile video ikawa inazunguka. Fundi simu kuponzwa na simu: mpaka leo namtania, naye mpaka leo hacheki.

Katika siku hizohizo redio za watu binafsi zilishambuliwa na kuchomwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, na Renaissance pamoja na televisheni yake. Asiyeishi Burundi hawezi kujua redio ilikuwa nini kwetu. Ukitembea Buyenzi asubuhi ulikuwa unaweza kufuata habari nzima bila kukosa neno, kutoka gereji moja hadi nyingine, maana kila fundi ameiwasha. Asubuhi ile kulisikika nyundo tu. Ikabaki redio ya taifa na maneno ya watu, na maneno ya watu ni hatari zaidi, kwa sababu kila anayekuletea anaangalia uso wako unavyoyapokea.

Tuliondoka kama watu wanaokwenda harusini. Njiani kulikuwa na vizuizi, na familia yenye masanduku ilikuwa inajieleza sana, kwa hiyo hatukubeba sanduku. Tulivaa. Mimi dera la hariri na kilemba cha kulingana nalo, watoto viatu vipya, mume wangu koti. Basi likapanda Bugarama, likapita Kayanza, likatufikisha mpakani Akanyaru. Tuliulizwa harusi ya nani, tukataja binamu ambaye kweli yuko Kigali, ila ana mke na watoto wanne. Kesho yake ilibidi niende sokoni Nyamirambo kununua sufuria na godoro, na nguo niliyokuwa nayo ni ileile ya hariri. Wauzaji wakawa wananipongeza. Muuza sufuria mmoja alinipunguzia bei akidhani mimi ni bibi harusi anayeanza maisha. Sikumkatalia.

Rwanda ilitupokea, hilo lazima niliseme. Warundi tulihesabiwa wakimbizi moja kwa moja, bila kila mmoja kuhojiwa peke yake. Wengi walipelekwa kambi ya Mahama. Sisi tukabaki mjini kwa kuwa Biryogo na Nyamirambo wanaongea lugha yetu na mume wangu alipata meza ya kufanyia kazi. Watoto walitoka shule ya Kifaransa wakaingia ya Kiingereza. Wao walizoea haraka, labda haraka kuliko nilivyopenda.

Kilichokuwa kigumu ni kuongea na waliobaki. Mwanzoni kaka ndiye aliyeanzisha habari ya mvua. Julai 2015, usiku wa kuamkia uchaguzi, alinipigia akasema mvua imenyesha Nyakabiga usiku kucha. Mwezi wa saba, kiangazi cha vumbi! Nilielewa papo hapo, nikauliza kama imefika nyumbani, akasema matone tu. Tukawa na lugha yetu. Tatizo likaja Desemba, kambi za jeshi ziliposhambuliwa na kesho yake maiti zikaonekana mitaani, Nyakabiga na Musaga. Jeshi lenyewe lilitaja watu 87 waliokufa. Kaka akasema mvua kubwa. Sasa Desemba Bujumbura hunyesha kweli, na ng'ambo ya simu nilikuwa nasikia mabati yakigongwa na maji. Sikujua niulize nini. Nilikata simu sijui kama ndugu yangu yuko hatarini au amelowa tu.

Kumi na moja Januari 2024 Burundi ikafunga tena mpaka wake na Rwanda, ikiilaumu kwa kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, Rwanda ikakanusha. Safari ya basi la asubuhi ikawa ya kuzunguka Tanzania: Rusumo, Ngara, Kabanga, ndipo uingie Burundi kwa mpaka wa Kobero. Mama alifariki mpaka ukiwa umefungwa. Kwa desturi yetu maiti hailali ikiweza kuzikwa, na mimi ningefika Kobero mama ameshalazwa. Kaka aliniwekea simu karibu na jeneza nisikilize dua. Baada ya hapo, kwa mara ya kwanza tangu niondoke, alilia, na mimi nikalia, na hata siku hiyo hatukusema kwa nini siko pale.

Sasa imebaki nyumba. Kwa sheria ya Kiislamu yeye ana mafungu mawili na mimi moja, hilo halina ugomvi. Anataka kuuza, mabati yamechakaa, na anasema mwenye fungu Kigali hapandi juu ya paa kuziba. Ana haki. Wiki iliyopita ametuma picha ya ukuta wa jikoni, chumvi imeula mpaka kiunoni.

Nimemwambia asiuze kwanza. Akataka sababu, nikamwambia bei ya sasa ni mbaya. Bei ni mbaya kweli, faranga imeporomoka na kila mtu anajua. Lakini hiyo si sababu, na kaka anajua si sababu. Akasema, "Haya, dada, tungoje bei," kisha akaniuliza kama Kigali kuna mvua.